Mkapa: Mhariri Aliyeingia Ikulu na Sheria Aliyoiacha Mezani



Ukitaja jina la Benjamin William Mkapa mbele ya vijana wa upinzani, jibu unalijua hata kabla hujafunga mdomo: "wapumbavu na malofa". Maneno yale aliyasema Agosti 2015 pale Jangwani, siku chama chake kinazindua kampeni, akiwarushia wale wanaosema wanataka kuikomboa nchi. Yalituuma. Kisha tukayageuza utani, na mpaka leo yanazunguka vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Leo naomba tuyaweke pembeni kidogo. Mzee alifariki tarehe 24 Julai 2020, kazikwa kwao Lupaso, na kumtukana marehemu hakutatuongezea kura hata moja. Lakini kuna jambo kwenye maisha yake linalotuhusu sisi moja kwa moja, sisi tunaoandika na kusoma kwenye ukurasa wa chama, na sioni likijadiliwa vya kutosha.

Mkapa ndiye Rais pekee wa nchi hii aliyewahi kula mshahara wa uhariri wa gazeti. Aliijua kazi ya habari kwa mikono yake. Alijua habari inavyotafutwa, inavyokatwa, inavyozuiwa, na nani anapiga simu usiku kuuliza "hii kesho inatoka?" Akakaa Ikulu miaka 10. Siku anatoka, ile sheria inayompa waziri mmoja nguvu ya kulifungia gazeti ilikuwa pale pale alipoikuta.

Swali langu la kwanza ni jepesi: kwa nini? La pili ndilo gumu: sisi tungefanya tofauti?

Kijana wa miaka 27 na magazeti mawili

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938, mtoto wa Masasi, kule Kusini. Hakubebwa na jina la ukoo. Alibebwa na shule: Ndanda, Kigonsera, kisha Pugu, ile Pugu ambako Mwalimu Nyerere alikuwa amefundisha kabla ya kuacha chaki kwa ajili ya TANU. Akaenda Makerere, na mwaka 1962 akatoka na shahada ya Kiingereza. Akaajiriwa serikalini, akapita Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, akaingia Mambo ya Nje.

Mwaka 1966 TANU ikamkabidhi magazeti yake mawili ayasimamie: The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili. Alikuwa na miaka 27. Jamani, miaka 27! Umri ambao wengi wetu tunazunguka na bahasha ya vyeti tukiambiwa "acha namba yako, tutakupigia". Wazee wetu walimwamini kijana wakampa sauti ya chama kizima. Hili peke yake ni somo kwa viongozi wetu wanaotuita vijana "taifa la kesho" kila mwaka, na kesho yenyewe haifiki.

Sasa tuangalie ni uandishi wa namna gani aliokulia. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Dar es Salaam ilikuwa imejaa wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko. Gazeti la chama lilikuwa silaha. Kazi ya mhariri ilikuwa kueleza msimamo, kuwashambulia wakoloni na makaburu, kuwaamsha wananchi. Kazi nzuri, sipingi hata kidogo. Lakini kuwahoji waliomwajiri haikuwa sehemu ya kazi ile, na kila mtu alilielewa hilo.

Kama kuna aliyesahau, kumbukumbu ilikuwa karibu. Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard. Mwalimu akamweka Frene Ginwala, mwanamama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, kuwa mhariri, na akaandika kabisa kwamba gazeti litakuwa na uhuru wa kukosoa. Mwaka uliofuata The Standard likatoa tahariri kali dhidi ya Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi. Ginwala akaondolewa. Uhuru wa kukosoa ulikuwa wa kweli mpaka siku ulipotumika.

Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News. Mhariri wake? Mkapa. Alikaa kwenye chumba cha habari ambacho kilishaona mhariri akiondolewa kwa tahariri moja. (Na Ginwala huyo huyo, wakombozi walipoingia madarakani Afrika Kusini mwaka 1994, alikwenda kuwa Spika wa Bunge la kwanza la kidemokrasia, akakaa kiti hicho miaka 10. Kumbe wahariri wa Dar walikwenda mbali.)

Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 likaanzishwa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, naye akawa kiongozi wake wa kwanza. Baada ya hapo njia ilinyooka: balozi Nigeria, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1977, Waziri wa Habari na Utamaduni 1980, balozi Kanada na Marekani, Mambo ya Nje tena tangu 1984, mbunge wa Nanyumbu, Waziri wa Habari kwa mara ya pili 1990, kisha Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu.

Ukiusoma mstari huo taratibu utaona jambo. Tunapenda kusema Mkapa "aliacha uandishi akaingia siasa". Ukweli ni kwamba hakukuwa na mlango wa kuvuka. Uandishi wake ulikuwa ndani ya siasa tangu siku ya kwanza. Mwajiri alikuwa yule yule, jengo tu ndilo lililobadilika.

Ukweli na Uwazi

Mwaka 1995 ndio uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi. Ndani ya CCM Mkapa aliwashinda Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya kwenye tatu bora. Mwalimu akazunguka nchi kumpigia debe. Upande wetu kulikuwa na Augustine Mrema na wimbi la NCCR-Mageuzi, na wazee watawasimulia jinsi watu walivyokuwa wakisukuma gari lake kwa mikono. Dar es Salaam uchaguzi ulivurugika mpaka ukafutwa na kurudiwa. Mwisho wa hesabu Mkapa akatangazwa kwa asilimia 61.8, Mrema 27.8.

Kaulimbiu yake ilikuwa Ukweli na Uwazi. Ni maneno ya mtu wa habari yale. Na mwanzoni aliyaishi. Alitangaza mali zake hadharani. Januari 1996 aliunda Tume ya Jaji Warioba kuchunguza rushwa, na ripoti yake ikataja mambo mengi ambayo wananchi walikuwa wanayanong'ona tu. Alianzisha pia utaratibu wa kulihutubia taifa kwa redio kila mwisho wa mwezi. Mhariri hafi, ndugu zangu. Anatafuta safu yake ya kudumu hata akiwa Ikulu.

Tuwe wakweli kwenye mengine pia. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996 na serikali ikaanza kukusanya kodi yake yenyewe kwa heshima. Mwaka 2001 nchi ikapata msamaha mkubwa wa madeni. Mfumuko wa bei, ambao alipoingia ulikuwa juu ya asilimia 20, ulishuka chini ya 10. Daraja la Rufiji lilikamilika mwaka 2003, na watu wa Lindi na Mtwara wakaacha kugombania kivuko.

Na ada ya shule ya msingi ikafutwa. Hapa naongea kama shahidi, kwa sababu mimi niliingia darasa la kwanza Januari 2002. Tulikuwa wengi kupita kiasi, wengine tukikaa sakafuni na daftari magotini, mwalimu mmoja na vichwa visivyohesabika. Lakini tulikuwa ndani. Mtaani kwetu kulikuwa na wakubwa zetu waliokuwa wamesharudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mwaka ule baadhi yao wakaja kukaa dawati moja na sisi wadogo. Mtu akiniambia serikali ile haikufanya lolote, namwambia hapana, mimi naandika makala hii kwa herufi nilizofundishwa kwa uamuzi ule.

Halafu kuna upande wa ubinafsishaji, ambao hauhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa hapa. Benki ya Taifa ya Biashara ilikatwa vipande, na NBC mpya ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa City Water mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali hiyo hiyo ikauvunja mkataba. Wafanyakazi wa mashirika ya umma walipunguzwa kwa maelfu. Alipotoka madarakani, mgodi wa Kiwira ukaibua maswali mazito mpaka bungeni. Hakuwahi kushtakiwa kwa lolote, na mimi simhukumu hapa. Nasema tu kwamba mtu aliyeingia kwa kutangaza mali zake aliliacha taifa likikisia. Uwazi ulikuwa wa kuingilia mlangoni.

Mwaka 2001

Kama mtu atataka kuuelewa urais wa Mkapa kwa mwaka mmoja tu, achukue 2001.

Januari 27 wafuasi wa CUF waliandamana Zanzibar kupinga uchaguzi wa Oktoba 2000 na kudai urudiwe. Polisi wakafyatua risasi za moto. Wete, Micheweni, Chake Chake. Human Rights Watch walihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyoundwa na serikali yenyewe, ilitaja 31. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawatoa wa kwake.

Mapema mwaka huo huo serikali ikatangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia wa Tanzania. Kwa mdogo wangu ambaye jina hili ni geni: huyu ni mwandishi mkongwe, mmoja wa waasisi wa gazeti la Rai, mtu aliyekuwa mbunge na aliyeitumikia nchi kwa miaka mingi. Kalamu yake ilikuwa haimbembelezi mtu. Na hakuwa peke yake kwenye orodha ile. Alikuwepo hata balozi aliyekuwa anaiwakilisha nchi hii nje. Baadaye Ulimwengu aliupata uraia kwa kuuomba, kama mgeni, kwenye nchi aliyokwisha kuitungia sheria bungeni.

Hebu tulia hapo. Rais ni mhariri wa zamani. Anayevuliwa uraia ni mwandishi anayemkosoa. Sina ushahidi wa nani alisema nini kwenye kikao kipi, na sitabuni. Lakini serikali ilikuwa yake, na neno moja kutoka kwake lingetosha kulizima jambo lile. Neno hilo halikusikika.

Oktoba 2001 Muafaka ukasainiwa kati ya CCM na CUF, na hilo nalo liandikwe. Ila waliozikwa Januari hawakufufuka, na tume huru tunayoidai leo ndiyo ile ile walioandamana siku ile waliyokuwa wakiiota.

Upanga kwenye meza ya waziri

Sheria ya Magazeti ilitungwa mwaka 1976, mwaka ule ule Mkapa alipokuwa anaanzisha Shihata. Ilimpa waziri wa habari uwezo wa kulifungia gazeti kwa kusema tu "maslahi ya umma". Hakuna kwenda mahakamani kwanza. Waziri ndiye mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu.

Mkapa alikaa kwenye kiti hicho cha uwaziri mara mbili. Mara ya pili alikuwa bado yupo pale Tume ya Jaji Nyalali ilipokuwa ikizunguka nchi kukusanya maoni. Mwaka 1992 tume ile ikaorodhesha sheria 40 kandamizi zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa, na Sheria ya Magazeti ilikuwamo. Miaka mitatu baadaye akawa Rais. Alikuwa na Bunge lililojaa wabunge wa chama chake, alikuwa na ripoti mkononi, na kuliko Rais yeyote mwingine alikuwa na uelewa wa kazi yenyewe. Miaka 10.

Wapo watakaosema, "Lakini enzi za Mkapa magazeti yalichanua, redio na televisheni binafsi zikaongezeka." Kweli kabisa. Walioishi wakati ule wanakumbuka meza za magazeti zilivyojaa. Lakini bustani iliyochanua kwa hisani ya mwenye panga si mali ya mtunza bustani. Angalia kilichofuata. MwanaHALISI lilifungiwa miezi mitatu mwaka 2008, likafungiwa tena Julai 2012 bila kikomo. Septemba 2013 Mwananchi siku 14, Mtanzania siku 90. Yote kwa sheria ya 1976. Ilipofutwa hatimaye mwaka 2016, iliyokuja ilikuwa Sheria ya Huduma za Habari, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa jumuiya yetu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: kijana mwenye simu na bando, akitaka kuwa na blogu, alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 za leseni na ada.

Na sheria mbaya haiishii kwenye karatasi. Inamfundisha askari kwamba mwandishi ni adui. Septemba 2, 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa na polisi kijijini Nyololo, akiwa kazini kuripoti shughuli ya chama cha upinzani. Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa Kibiti, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Familia yake haijakabidhiwa hata kaburi. Simwekei Mkapa damu hii mikononi, alishastaafu. Nasema kwamba kila Rais anayeacha upanga mezani asishangae mrithi akiutumia, na Rais aliyewahi kuwa mhariri ndiye aliyeujua makali yake kuliko wote.

Kwa nini?

Wengine watasema alikuwa mnafiki. Mimi sikubaliani. Nadhani alikuwa anaamini. Mhariri wa The Nationalist alifundishwa kwamba gazeti jema ni lile linalojenga taifa, na anayejua taifa linajengwaje ni chama. Mtu aliyelelewa hivyo, akikutana na gazeti binafsi linalomuuliza maswali, anaona fujo na uvivu. Ndiyo maana neno lake lililomganda ni "wavivu wa kufikiri". Hakuficha kwamba uandishi wa hapa nyumbani haumridhishi. Mara nyingine alikuwa na haki; tukubali, kuna magazeti yaliandika takataka. Lakini dawa ya gazeti bovu ni gazeti bora na mahakama iliyo huru. Waziri mwenye panga hajawahi kumfanya mwandishi yeyote awe hodari.

Cha ajabu ni kwamba alipotoka madarakani kalamu ilimrudia. Mkataba wa EPA kati ya Afrika Mashariki na Ulaya ulipoletwa, mzee aliandika makala magazetini kueleza kwa hoja kwa nini utaua viwanda vyetu. Makala zilikuwa kali, zimepangika, zina takwimu. Ukizisoma unajiuliza: huyu mwandishi alikuwa wapi miaka ile kumi?

Kisha Novemba 2019, siku anatimiza miaka 81, akazindua kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose. Humo aliandika kwamba mauaji ya Pemba ni doa kwenye urais wake na jambo linalomuumiza. Viongozi wangapi wa Afrika wameandika hivyo kwa jina lao wenyewe, wakiwa hai? Nampa heshima yake kwa hilo, na ninaitoa bila kinyongo.

Lakini mjane wa Micheweni alilisubiri neno hilo miaka 18, na lilimfikia likiwa kwenye kitabu kilichotoka kwanza kwa Kiingereza. Majuto ya mwandishi mstaafu ni mazuri kwa historia. Majuto ya Rais aliye kitini yangekuwa na fidia, mashtaka na sheria mpya ndani yake.

Nyani haoni kundule

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na baadhi yenu mtanuna.

Ukurasa huu unaousoma ni wa chama. Ni gazeti la chama, kama The Nationalist lilivyokuwa. Sisi tunaouandikia ni vijana, kama Mkapa wa 1966. Tunaamini tuna haki, kama yeye alivyoamini. Na tusidanganyane: lini mara ya mwisho umesoma hapa makala inayohoji uamuzi wa viongozi wetu wenyewe? Mwenzetu akiuliza hesabu za ruzuku anaitwa msaliti. Akiuliza mgombea alipatikanaje jimboni kwake anaambiwa ametumwa. Wapo wanaotolewa kwenye grupu kwa swali moja tu. Hapo sisi tuna tofauti gani na waziri mwenye panga? Tofauti ni kwamba panga letu bado dogo.

Tabia ya utawala hujengwa kabla ya kutawala. Mkapa hakujifunza Ikulu kuishi bila kuhojiwa. Alijifunza kwenye chumba cha habari cha chama, akiwa kijana mwenye akili nyingi na nia njema. Tukizoea leo kwamba kalamu ni ya kumpiga mpinzani tu, tutakapoingia serikalini tutakuwa na waandishi wetu, na waandishi wao, na wale wao tutawafungia kwa "maslahi ya umma".

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, tuyajadili kwenye matawi na kwenye kikao kijacho cha vijana.

Kwanza, ukurasa huu utenge nafasi ya kudumu kwa mwanachama anayekosoa chama kwa jina lake na kwa hoja. Asikatwe, asitukanwe. Ajibiwe kwa hoja.

Pili, ilani yetu isiishie kuahidi "uhuru wa habari" kwa maneno matamu. Itaje vifungu: uwezo wa waziri na wa ofisa yeyote wa serikali kufungia chombo cha habari unafutwa, kosa la kashfa linabaki kuwa la madai, leseni ya kuandika mtandaoni inaondolewa. Na itaje muda: ndani ya siku 100 za kwanza. Baada ya siku 100 kiti kinakuwa kitamu, na upanga unaanza kuonekana wa lazima.

Tatu, wapo miongoni mwetu waandishi wa habari wanaotaka ubunge na udiwani. Karibuni sana, tunawahitaji. Lakini kila mmoja wenu asimame mbele ya mkutano wa uteuzi aulizwe: siku gazeti litakapokuandika vibaya, kwa uongo kabisa, utafanya nini? Kama jibu lake halina neno "mahakama" au neno "nitajibu", mpeni pole, mpitishe mwingine.

Sisemi haya kwa sababu naichukia historia ya Mzee Mkapa. Mtoto wa Lupaso aliyekabidhiwa magazeti mawili akiwa na miaka 27, akaifikisha nchi kwenye meza za mataifa, akafuta ada nami nikasoma, huyo si wa kutupwa kwa neno moja la Jangwani. Alikuwa na akili kutuzidi wengi. Ndiyo maana namtumia kama kipimo. Kama mtu wa akili ile, aliyeijua kazi ile, aliweza kukaa miaka 10 karibu na sheria ile asiiguse, basi wema wa kiongozi hautoshi, na ujuzi wake hautoshi. Kinachotosha ni kumfunga mikono kwa sheria kabla hajaapa.

Tuanze na sisi wenyewe. Nafasi ya maoni iko hapo chini, iko wazi, na kama hukubaliani na makala hii niandikie makala ya kunijibu. Nitakuwa wa kwanza kuisambaza.